Mwalimu Aliyepima kwa Ukambaa

Mimi napaua nyumba. Kutoka Issenye mpaka Ringwani kuna mabati mengi niliyoyapigilia kwa mkono wangu, na bado kila ninapofika mahali papya hakosekani mzee wa kuniangalia sketi kabla hajaniangalia kazi. Hainisumbui. Kazi hii nilifundishwa na watu wawili: baba yangu, ambaye naye ni fundi, na mwalimu wetu wa hisabati wa shule ya msingi. Wawili hao waliishi jirani, hatua kama mia tatu hivi kati ya mlango na mlango, na kwa zaidi ya miaka ishirini hawakukaa pamoja hata mara moja. Mwalimu alimkosea baba yangu na hakuja kumwambia. Baba naye hakumfuata mtu.

Leo namwandika mwalimu. Alizaliwa wapi na wa ukoo gani, hayo waulizeni watu wa kwao. Sisi tulijua tu kwamba ametokea Tarime, maana kila mvulana kwake alikuwa "mura", na akikasirika Kiswahili kilimkimbia, kikabaki Kikurya kitupu. Alikuwa mrefu, mwembamba, na mfuko wa shati lake ulikuwa mweupe kwa vumbi la chaki hata siku za Jumapili. Baiskeli yake haikuwa na breki. Alikuwa akiisimamisha kwa kukanyaga tairi la mbele na soli ya kiatu, na kiatu cha kulia kilikuwa kinakwisha kabla ya cha kushoto.

Neno alilolichukia kuliko yote ni "naona". Ukimwambia, mwalimu, naona pande hizi ni sawa, alikuwa anakujibu kwa upole kabisa kwamba macho yako anayaheshimu, lakini pima. Ukishapima ukamrudia, anakuuliza umepima mara ngapi. Mara moja kwake ilikuwa ni kukisia. Ilikuwa lazima upime tena, na mara ya pili upime kwa njia nyingine, si kurudia ileile, kwa sababu njia ileile itakurudishia kosa lilelile. Nimewafukuza vibarua wawili kwa kukataa jambo hilo, na sijutii.

Shule ilikuwa na kipimapembe kimoja tu, kile kikubwa cha mbao cha ubaoni, na kilikuwa kimevunjika kona. Mwalimu hakuomba kingine. Alipita kwenye nyumba zinazojengwa akaomba mifuko mitupu ya saruji, akaikung'uta, akatugawia karatasi zake. Nakumbuka siku ya pembetatu pacha kwa sababu darasa zima tulikuwa tunapiga chafya. Kila mmoja alikata pembetatu yenye pande mbili zilizo sawa, kisha tukaambiwa tuikunje katikati, kuanzia kileleni. Pembe mbili za kitako zilikaliana, moja juu ya nyingine, bila ukingo kujitokeza. Tulipofungua, mkunjo ulikuwa umekigawa kitako sawasawa na umesimama wima juu yake. Hakutuambia lolote kati ya hayo. Alikuwa anapita katikati ya madawati na kuuliza, umeona nini, na wewe umeona nini, na siku ile tu aliruhusu neno hilo. Mwenzangu wa dawati yake ilikataa kukaliana, kwa kuwa mkasi ulimponyoka. Mwalimu aliichukua, akaiweka juu ya meza yake, akasema tuitunze, hiyo ni pembetatu guni, haina pande mbili zinazolingana, na yenyewe tutaihitaji.

Halafu ikaja pembetatu sawa, yenye pande zote tatu zilizolingana. Hiyo tuliikunja mara tatu, kila mara kutoka kona nyingine, na kila mara ikakubali. Pembe zake zote zilikuwa sawa, nyuzi sitini kila pembe. Hapo mwalimu akaturushia swali lililotugombanisha siku mbili: je, pembetatu sawa nayo ni pacha? Wavulana wa nyuma walikataa katakata. Pacha ina pande mbili sawa, hii ina tatu, basi si pacha. Yeye alikaa dirishani, akatuacha tuchambane. Siku ya pili mimi nilisimama nikauliza: mtu mwenye ng'ombe watatu, ukimwuliza kama ana ng'ombe wawili, atakujibu hana? Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka. Alichukua chaki akaandika jina langu ubaoni, upande wa majibu, na sijawahi kupewa cheti kilichonifurahisha kuliko chaki ile.

Kuandikwa jina ubaoni kulikuwa na upande wa pili pia. Aliyekosea, kosa lake lilichorwa kama alivyolifanya, jina lake likawekwa pembeni, na vyote vilibaki hapo mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Hakuchapa. Alisema kosa lazima litazamwe usoni mpaka lizoeleke. Wapo waliokuwa tayari kuchapwa viboko vitano kuliko kukaa ubaoni siku nzima, na mimi nasema wazi kwamba ulikuwa ukatili. Alikuwa mtu mwema mwenye ukatili wa namna yake, na alijiamini mno.

Lakini mtu huyo asiyemwogopa mkaguzi alikuwa anaogopa ng'ombe. Mkurya mzima. Akikutana na kundi njiani alishuka kwenye baiskeli, akaiweka kati yake na ng'ombe, akasubiri wapite hadi ndama wa mwisho. Sisi watoto wa wafugaji tulimcheka tukiwa tumejificha, na siku moja rafiki yangu alimpelekea dume makusudi. Hakuwa na ng'ombe, hakuwahi kuchunga, na maziwa alinunua. Naliweka hili wazi kwa sababu bila hilo mkasa wenyewe usingetokea.

Tulikuwa darasa la sita. Wazazi walikuwa wamechangia nguvu zao, wakafyatua matofali, wakasimamisha kuta za darasa jipya, na kamati ya ujenzi ikampa baba yangu kazi ya kupaua. Baba alitengeneza kenchi saba akazipanga chini, kwenye majani ya uwanja, tayari kupandishwa. Kenchi, kwa asiyezijua, ni pembetatu za mbao zinazobeba paa: mbao mbili ndefu zimeegemeana kileleni, na ya tatu imelala chini kama kitako. Mwalimu alipoziona alifurahi kama mtu aliyeletewa kitabu kipya. Pembetatu pacha saba, kubwa kuliko ubao, bure. Alituagiza kila mtu aje na kamba kutoka nyumbani.

Kwetu kamba ni ukambaa, ile ya ngozi ya ng'ombe iliyosukwa. Mimi nilileta ule tuliofungia ndama. Nilitembea nauburuta kwenye majani yenye umande, na nilipofika shuleni mwalimu aliuchagua kwa kuwa ulikuwa mrefu na hauna viungo. Tukaunyoosha kwenye mbao ya kushoto ya kenchi ya kwanza, tukauvuta kwa nguvu, tukafunga fundo mahali mbao ilipoishia. Fundo lilikubali kwenye mbao za kushoto zote saba. Kengele ya uji ikapigwa. Mwalimu akauanika ukambaa juu ya ukuta, tukaenda kunywa uji, kisha tukaenda kumwagilia bustani, na tuliporudi jua lilikuwa kali. Tukapima mbao za kulia. Zote saba zilipita fundo kwa vidole vinne.

Mwalimu alipima ya saba mwenyewe. Tulimwona uso ukibadilika. Kenchi saba, kosa moja, upande mmoja: alihitimisha kwamba fundi alikata mbao zote za kulia kwa kipimo kibaya. Hakupima kwa njia nyingine. Nimelifikiri jambo hili miaka yote na sijapata maelezo, zaidi ya kwamba alikuwa na hasira kwa ajili yetu, maana sisi ndio tungekaa chini ya paa lile. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kamati.

Kesho yake kamati ilimwita baba uwanjani. Nilikuwa dirishani. Baba aliwaambia walete tepu, mwenyekiti akamjibu kwamba tepu yake ndiyo iliyowafikisha hapo. Baba akamgeukia mwalimu akamwuliza kama amepima. Mwalimu akasema amepima. Baba akakusanya randa, misumeno na nyundo zake, akasema, kama mwalimu amepima, amepima, akaondoka. Jumamosi kamati ilileta fundi mwingine, naye hakupima lolote. Alikata vidole vinne kwenye kila mbao ya kulia, kama alivyoelekezwa.

Nyumbani baba alizifungia zana zake. Kwake neno la mwalimu lilikuwa kubwa kuliko tepu yake mwenyewe, na nadhani siku mbili zile alijishuku kweli. Jumapili mvua ilinyesha asubuhi. Baba alikuwa amebaki na mbao moja ya mfano, ile ambayo fundi huikata kwanza ili zote zifuatishwe, na mimi nilitaka kujua alikosea vipi. Nikachukua ukambaa niliokuwa nimeurudisha nyumbani, umelala nje unalowa, fundo bado liko, nikaunyoosha juu ya mbao ile. Fundo likakaa mwisho kabisa. Jua lilipotoka nikauanika, nikaenda kuosha vyombo. Niliporudi umekauka, nikauweka tena, nao ukapungua vidole vinne. Nilikaa chini palepale. Mtoto gani wa mfugaji hajui kwamba ukambaa ukilowa hurefuka, na ukikauka hujivuta? Darasani tulikuwa arobaini, wote tulijua, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka, kwa sababu mambo ya ndama tulikuwa tunayaacha getini.

Jumatatu nilikwenda shuleni na ukambaa, nikabaki darasani wenzangu walipotoka.

"Mwalimu, kamba ndiyo iliyokosea," nikamwambia.

"Kamba haikosei. Anayeishika ndiye hukosea."

"Ya ngozi ikilowa inarefuka, mwalimu. Asubuhi ilikuwa imelowa. Sisi wote tunajua."

"Wote?"

"Wote."

"Mbona hamkusema?"

"Hukutuuliza, mwalimu."

Alikwenda mwenyewe kuchota maji kwa ndoo. Alilowesha ukambaa, akaupima kwenye ukingo wa ubao, akauanika juani, akakaa kando yake kwenye kizingiti mpaka ukakauka, na mimi nikiwa nimesimama. Akaupima tena. Kisha akaenda uwanjani na uzi na jiwe, akaisimamisha kenchi moja kwa kuiegemeza ukutani, akashusha timazi kutoka kileleni, akaona jiwe linavyokaa mbali na katikati ya kitako. Aliporudi alinituma nyumbani. Sikuwahi kumwona mtu mzima amenyong'onyea namna ile, na kwa kweli nilimwonea huruma kabla sijamkasirikia.

Hapa ndipo mtu akitaka kumwelewa ashike vizuri. Kesho yake alichora kenchi ubaoni, kulia fupi, kushoto ndefu, akaandika jina lake pembeni, na mchoro ule ukakaa wiki nzima, siyo mpaka kengele tu. Akaitisha kamati akawaambia amekosea. Kwenye mkutano wa kijiji, ambao baba hakuuhudhuria, akasimama mbele ya watu wote akawaambia fundi alikuwa sahihi. Waliokuwa wamempa baba ahadi ya kazi huko Busawe na Ringwani walikuwa wamemwacha baada ya kusikia habari, basi mwalimu akapanda baiskeli yake isiyo na breki akaenda Busawe, na Jumamosi iliyofuata Ringwani, nyumba kwa nyumba, akijieleza. Baadhi yao walirudi kwa baba. Wengine walikuwa wameshapata fundi mwingine.

Lakini mbao zilikuwa zimeshakatwa, na fedha za kununua nyingine hazikuwepo. Darasa likapauliwa hivyo hivyo. Mvua haiingii na halijaanguka, ila mgongo wa paa umeegemea kulia, na mwenye jicho la ufundi anauona tangu barabarani. Mwalimu aliomba apangiwe darasa hilo. Kila mwaka, akifika kwenye pembetatu guni, aliwaambia watoto watazame juu, kwa kuwa lile darasa halina dari. Guni ya shule yetu hiyo hapo, alikuwa akisema, na niliitengeneza mimi. Wadogo zangu wote wawili walisikia maneno hayo miaka yao ilipofika. Na tangu siku ile hakuanza somo lolote bila kuuliza: kitu hiki nyumbani kwenu mnakijuaje? Watoto wakawa wanamweleza habari za maghala, mizinga, nira, na yeye anaandika kwenye daftari. Alikuwa mwalimu bora baada ya kosa lile kuliko kabla yake. Hilo nalisema bila kusita.

Kila mtu aliambiwa, isipokuwa baba yangu.

Alipita mbele ya nyumba yetu asubuhi na jioni. Alikuwa anainua mkono na kusema, habari ya kazi, fundi. Baba alijibu, salama, mwalimu, akaendelea kupiga randa. Nilipomaliza shule na kuanza kupanda juu ya paa na baba, nilimwuliza mara moja kwa nini hamsemeshi. Alinijibu kwamba aliyepotea njia ndiye hutafuta mlango. Mimi nilimpenda mwalimu na nilimkasirikia, vyote viwili, kwa miaka mingi. Nilifikia kuamini kwamba mtu aliyezoea kusimama mbele ya watu arobaini anaweza akashindwa kusimama mbele ya mmoja.

Alistaafu, akahamia kwenye shamba lake upande wa Ringwani. Tukamsikia kwa mbali tu, kwamba macho yanamsumbua, kwamba bado anawafundisha watoto wa jirani jioni.

Mwaka huu, baada ya mavuno ya mtama, bodaboda ilisimama mbele ya kibanda chetu cha kazi. Mimi nilikuwa nakata mbao, baba amekaa kwenye benchi, maana mgongo haumruhusu tena kupanda. Mwalimu alishuka taratibu, akishikwa mkono na dereva. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kuniita fundi. Nilimkaribisha kiti akakataa. Akamsalimia baba, akaanza kusema kwamba amejenga nyumba, kuta zimefika mwisho, na amekuja kutafuta mtu wa kupaua. Alieleza upana, alieleza urefu, alieleza upande ambao mvua inatokea. Baba alikuwa anaitikia kwa kichwa. Nami moyoni nikasema, basi, anazunguka tena, atapata paa lake na kuondoka.

Mwalimu akavua kofia. Akaishika kwa mikono miwili.

"Fundi," akasema, "mimi nilikukosea."

Baba aliinua macho.

"Niliwaambia watu wote. Wewe sikukuambia. Kila siku nilikuwa naondoka nyumbani nimeshajiandaa, nikikaribia hapa nasikia randa yako, nashindwa. Leo sikuja kwa sababu ya paa. Kwa paa ningempigia simu tu binti yako."

Niliuweka msumeno chini. Baba alimtazama, si kwa hasira, kama mtu anayepima mbao kabla hajaikata.

"Nilisikia, tata," akasema, akimwita baba kwa lugha ya kwetu. "Watu wa Busawe waliniambia. Wa Ringwani wakaniambia. Hata huyu binti yangu aliniambia, siku ileile aliyogundua. Kosa lako sikuwa na shida nalo, mtu hukosea. Lakini Busawe ni mbali, mwalimu. Ulipita hapa kwangu kwenda kule, na ukapita tena kurudi."

"Ni kweli," mwalimu akasema. "Nilipita."

Akainamisha uso kwenye kofia, na mimi nikageuka nikatazama mbao zangu, kwa sababu hakuwahi kulia mbele ya mwanafunzi na sikutaka aanze kwa sababu yangu. Nilisikia benchi likilia. Nilipogeuka, baba alikuwa amejivuta mpaka mwisho wa benchi, mgongo wake mbaya umeegemea nguzo, na anapangusa kwa kiganja vumbi la mbao mahali alipokuwa amekaa yeye.

"Njoo ukae," akamwambia. "Umesimama muda mrefu."